Tairi la Mbele la Namwase

Mimi ni fundi wa matairi hapa Nabuyonga, chini ya mlima Wanale, huu mwaka wa kumi na tisa, na nasema mapema ili tusisumbuane: sipendi kufundishwa kazi. Mteja alete pikipiki yake, anionyeshe pancha, akae kwenye benchi, aniache. Wanaonijua wanajua. Kwa hiyo siku Namwase alipokuja na tairi begani akaanza kunieleza jinsi ya kulifunga, nilimtazama toka kichwani mpaka miguuni nikamuuliza kama amekuja kutengenezewa pikipiki au amekuja kuniajiri.

Namwase ni Msoga wa Bugembe, kule Jinja, kando ya barabara kuu ya kwenda Iganga. Ni mfupi. Akisimamisha pikipiki anashusha mguu mmoja tu, tena kwa ncha ya kiatu. Alijifunza kuendesha akiwa msichana, kwa pikipiki ya kaka yake, akipeleka mananasi sokoni Jinja katikati ya malori yanayokimbia kama yamefukuzwa. Akaolewa na Sam, jirani yangu, Mgisu mwenzangu, aliyekuwa akishusha vitunguu na kabichi za wakulima kutoka mlimani Wanale. Baadaye Sam akaanguka na pikipiki kule kwenye mteremko, paja likavunjika mahali pawili. Alilala hospitali miezi minne, akatoka na fimbo. Namwase hakungoja hata atoke. Wiki ile ile alichukua ufunguo, akavaa koti la mumewe lenye mikono mirefu kuliko mikono yake, akapanda mlimani kuchukua vitunguu.

Watu walisema sana. Mimi pia nilisema, sitadanganya.

Sasa siku hiyo alitaka hivi. Tairi alilobeba lilikuwa na meno makubwa, yale ya matope, la kufungwa nyuma. Kila mwendesha bodaboda wa mlimani analifunga nyuma, ndiko kwenye nguvu, ndilo linalosukuma. Yeye akasema nilifunge mbele.

"Mbele?" nikamuuliza.

"Mbele, mzee. Rimu zote mbili ni za inchi kumi na nane, litaingia. Na huo mshale ulioandikwa ubavuni, ugeuze. Uangalie nyuma."

Nikaweka vyuma vyangu chini. Mshale ule kiwandani wanauweka uelekee tairi linakozungukia, hata mtoto anajua. Nikamwambia, mama, pikipiki ina miguu miwili na mtu mwenye akili anavaa viatu vya jozi moja. Nyuma una tairi la lami, la mistari, linalong'aa, halafu mbele unataka meno tena kinyumenyume? Utaonekana kama umeibiwa nusu. Vijana waliokuwa kwenye benchi wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka.

Namwase hakukasirika. Alichuchumaa, akaokota vyuma vyangu, akaanza kulibandua tairi la zamani mwenyewe. Nilimnyang'anya kwa aibu. Nikafunga alivyotaka, na kwa kuwa meno yalikuwa yanakwaruza madigadi, lile bati la kuzuia matope, nikainyanyua kwa nati mbili, maana mimi nikifunga kitu kinakaa, hata kama ni upuuzi. Alipoondoka nikawaambia wale vijana kwamba huyo atarudi kabla ya Ijumaa kulihamishia nyuma.

Hakurudi. Mwaka ukapita na miezi, na kila nikimwona akipita na magunia yake nilikuwa nauliza kwa sauti kama hajapata pea ya kiatu. Naye anapiga honi.

Sam naye, tangu atoke hospitali, alikuwa anakuja dukani kwangu kila Alhamisi na fimbo yake, tunacheza drafti. Namzomea kuhusu mkewe na matairi yake, anacheka, anakula kete zangu mbili. Nilimuuliza mara moja tu alivyoanguka. Akasema ng'ombe aliruka barabarani.

Mwaka huu ni wa shufwa, unaogawanyika kwa mbili, yaani mwaka wa imbalu, tohara yetu Wagisu. Mpwa wangu Timothy, mtoto wa dada yangu Shakirah, ana miaka ishirini na mitatu na ni askari magereza Jinja. Alikuwa ameikosa imbalu iliyopita kwa sababu ya mafunzo, na wenzake wa kwetu walikuwa wameanza kumwita mtoto, pamoja na heshima zote za sare yake. Akaomba ruhusa ya siku tatu. Baba yake, shemeji yangu Geresom, ni afande mstaafu wa magereza. Amestaafu kazi lakini sauti hajaistaafisha.

Kwa asiyejua, nieleze. Siku ya mwisho kijana anapakwa tope la kinamasi mwili mzima, anasimama uani, fimbo imelala mabegani nyuma ya shingo, na anasimama hivyo mpaka ngariba afike na amalize. Akishapakwa tope haketi, haoshwi, harudi ndani. Na hatikisiki. Akitikisika, wazee wanaona, na jina la nyumba limekwisha. Hakuna mzee atakayeuliza kama ulikuwa woga au ilikuwa baridi. Halafu kuna la kwetu, la ukoo wetu: mjomba anasimama mbele ya kijana, uso kwa uso, na kijana anashika macho ya mjomba mpaka filimbi ya kumaliza ilie. Mjomba ndiye mimi. Na ngariba haitwi kwa simu, lazima afuatwe na mtu wa damu, na huyo mtu wa damu pia ndiye mimi.

Mzee Wamboga, ngariba wetu, asubuhi alikuwa juu Wanale, ana nyumba mbili za kumaliza kule kabla ya kwetu. Tulikubaliana nimfuate saa tisa. Saa nane na nusu tukasikia ngoma zinashuka kutoka mlimani. Geresom akatega sikio, akatazama saa yake, akasema ngariba huyo anakuja, ametangulia. Nikamwambia afande, ngoja nipande nikahakikishe. Akasema jela haingoji na tohara haingoji, akaamuru shangazi zake Timothy wampake tope. Wakampaka. Timothy akasimama.

Ngoma zikapita. Lilikuwa kundi la watu wa upande mwingine, wanacheza tu, wanapeleka kijana wao kwa wajomba. Ngariba hakuwemo.

Na mvua ikaja. Ilishuka kutoka juu ya ule ukuta wa mlima kwa mara moja, maporomoko yote ya Wanale yakaonekana meupe. Uani watu kama mia walikimbilia chini ya mabati, na Timothy alibaki pale peke yake katikati, fimbo mabegani, tope linamchuruzika. Geresom alisimama mlangoni, midomo inafanya kazi lakini hakuna amri inayotoka. Sijawahi kumwona vile. Dada yangu Shakirah alikaa chini ukutani, akajifunika uso kwa leso.

Nikakimbia barabarani. Vijana wa bodaboda walikuwa wamejibanza kwenye kibanda cha chapati. Wote wakasema kitu kimoja: kupanda wanaweza, kushuka hawawezi mpaka njia ikauke, labda kesho. Niliwatukana. Walikuwa na haki, lakini niliwatukana.

Nilipogeuka Namwase alikuwa nyuma yangu, amewasha. Yeye na Sam walikuwa miongoni mwa wageni wetu.

"Panda, mzee," akasema.

Nikatazama tairi lile la mbele, kinyume chake na mshale wake. Mtu akiwa na shida hachagui. Nikapanda.

Kupanda kulikuwa taabu kweli. Tairi la nyuma, lile la lami, lilikuwa linazunguka tu kwenye tope, linanirushia matope mdomoni. Mara nne nilishuka nikasukuma, tumbo langu lilivyo. Mara ya nne uvumilivu uliniisha, nikamwambia ningekufungia meno nyuma tungekuwa tumeshafika, mama, lakini wewe hufundishiki.

Akangoja nimalize kuhema. "Kupanda utanisukuma," akasema. "Kushuka nani atanisukuma?"

Nikasukuma.

Tulimkuta Mzee Wamboga amekaa chini ya paa la nyumba aliyomaliza, mfuko wa visu kifuani, anangoja jua. Ni mzee wa miaka sabini, ameshika visu maisha yake yote, hana anachokiogopa. Alizunguka pikipiki mara moja, akainama, akagusa tairi la mbele, akatazama la nyuma.

"Hizi mbona hazifanani?"

Yaani mimi, Bruhan, niliyeitukana pikipiki ile mbele ya Nabuyonga nzima, ndiye niliyetakiwa kuitetea. Nikamwambia, bwana, nimezifunga mwenyewe, panda tu. Nikamwambia pia kwamba kijana ameshapakwa tope. Mzee akapanda. Alikaa katikati, mimi nikakaa nyuma kwenye chuma cha kubebea mizigo, mikono yangu imemzunguka yeye na mfuko wake.

Namwase akageuza, tukaanza kushuka.

Sasa nitasema nilichokiona, na asiyeamini aje nimwonyeshe mteremko wenyewe. Udongo wa kule ukilowa unakuwa sabuni. Mkono wa kulia kuna ukuta wa mlima, mkono wa kushoto kuna migomba, lakini migomba iko chini, unaona majani yake tu. Yule mama alitia gia ya kwanza, akatoa kabisa mguu kwenye breki ya nyuma, akaulaza juu ya kikanyagio. Vidole viwili vya mkono wa kulia viko kwenye breki ya mbele, vinaminya, vinaachia, vinaminya, polepole, na kila vikiminya nilikuwa nasikia meno ya lile tairi yanauma ardhi. Miaka kumi na tisa nafunga matairi, sikuwahi kulisikia tairi likifanya kazi. Nyuma kulikuwa kunaondoka, kunakwenda kushoto, kunakwenda kulia, sisi wawili tumekaa juu ya mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Naye hashtuki. Anaacha nyuma kucheze, mbele kunakwenda pale pale anapotaka.

"Nyuma ikiteleza naishika," alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele. "Mbele ikiteleza, tumelala wote."

Tukawapita watu watatu wa bodaboda waliokwama, wamezishika pikipiki zao kwa pembe chini ya majani ya migomba. Zote zina meno nyuma, mbele zimeteleza. Wakatutazama tukipita watu watatu juu ya kitu kile cha ajabu. Nikaelewa mshale pia. Tairi la nyuma linasukuma, la mbele linazuia. Ukitaka meno yazuie, lazima uyageuze. Alilijua hilo msichana wa mananasi wa Bugembe, mimi fundi sikulijua. Nilistaajabu mpaka nikasahau kuogopa.

Tukafika kwenye ile kona ambapo jiwe limechomoza, na njia inainama upande wa bonde. Kila mtu wa Wanale anaijua. Nikaona nimweleze ngariba, labda kwa sababu moyo ulikuwa umepanda, mdomo nao ukapanda.

"Mzee, hapa ndipo ng'ombe alimwangusha Sam."

Namwase alikuwa ndani ya kona. Vidole vikaminya, vikaachia. Nyuma kukaenda nusu hatua kuelekea bondeni, kukarudi. Jiwe likapita kwenye goti langu. Tulipotoka upande wa pili ndipo akasema, "Hapakuwa na ng'ombe."

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Mbele iliteleza, mzee. Alikuambia umwekee meno mbele, ukamwambia pikipiki si kuku wa madoadoa. Ukamfungia jozi."

Nikakumbuka. Wallahi, nilikuwa nimesahau kabisa, na pale nikakumbuka kila kitu. Sam amesimama dukani, ananiambia kuna kona moja inamsumbua. Mimi nimeshika tairi mbili mpya za lami, jozi safi, nimezileta mwenyewe kutoka Jinja, nina haraka ya kuonyesha zinavyopendeza. Hata sikumuuliza ni kona gani. Nikasema la kuku, watu wakacheka. Na tairi la nyuma nililokalia wakati ule, lile la mistari, lilikuwa moja ya zile mbili.

"Mbona hakuniambia?" nikasema.

"Alisema ukijua utafunga duka. Na Nabuyonga hakuna fundi mwingine ambaye akifunga tairi linakaa." Akabadili gia, njia ilikuwa imeanza kulala. "Mimi nilitaka kukuambia siku ile nilipoleta tairi. Alinikataza."

Mzee Wamboga alikuwa katikati yetu, anasikia yote, akawa anatazama mbele. Mimi nililia. Mvua ilikuwa nyingi, hakuna aliyeona, lakini nililia mpaka kwenye lami. Alhamisi zote zile. Kete zangu zote alizokula huku nikimcheka mke wake.

Tulipokaribia nyumbani ndipo nikakumbuka kazi iliyobaki. Timothy alitakiwa kushika macho yangu. Macho gani? Yalikuwa mekundu, yanachuruzika, na kijana akiona macho ya mjomba yamelegea naye analegea. Na amesimama tangu saa nane na nusu, sasa ni saa kumi na moja kasoro, mvua yote imeishia mgongoni mwake. Nilijua nitamkuta anatetemeka. Nilijua wazee wameshaona. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Shakirah.

Tukaingia uani. Hakuna ngoma, hakuna kelele, watu wamejaa chini ya mabati na wote wametazama katikati.

Timothy alikuwa amesimama. Tope lilikuwa limebaki shingoni na masikioni tu, kwingine limeoshwa, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuna kitu kilichotikisika, hata kope. Na mbele yake, mahali pangu, uso kwa uso, alikuwa amesimama Sam.

Alikuwa hana fimbo. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, mbali. Amelowa kama tulivyolowa sisi, mikono ameinyosha kando, macho yake yameshika macho ya mpwa wangu. Geresom alikuja akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo kwamba mvua ilipoanza Timothy alianza kutetemeka magoti, wazee hawajaona bado, na Sam akatoka pale alipokuwa ameketi, akaiacha fimbo, akaenda akasimama pale, akamwambia, nitazame mimi mpaka mjomba arudi. Hakuondoka tena. Walimpelekea kiti, akakikataa bila kugeuza kichwa.

Mzee Wamboga alikuwa ameshafungua mfuko. Nikaenda nikasimama bega kwa bega na Sam. Yalikuwa ni macho yangu yaliyotakiwa, lakini sikumsogeza, naye hakusogea. Timothy akanitazama, akamtazama Sam, macho yakabaki kwetu wawili. Sikulia. Sijui machozi yalikwenda wapi. Nilikuwa nasikia pumzi ya Sam karibu na sikio langu, inaingia, inatoka, nikaifuata hiyo.

Filimbi ikalia. Ngoma zikalipuka zote kwa pamoja, Shakirah akapiga kigelegele kilichofika mlimani, wakamfunika Timothy shuka, wakamkalisha. Geresom alikuwa anampigia saluti mtoto wake huku analia, na hakuna aliyemcheka.

Sisi wawili tulibaki tumesimama. Watu walikuwa wanatupita wakikimbilia kwa kijana. Kule karibu na ua Namwase alikuwa amechuchumaa, anachokoa matope kwenye meno ya tairi kwa kijiti, hata hakutazama tunachofanya.

"Mmeshukaje?" Sam akaniuliza. Bado alikuwa anatazama mbele.

"Tumeshuka vizuri."

"Hamkukutana na ng'ombe?"

Nilitaka kusema mengi. Mimi sikosi maneno, kila mtu atakuambia. "Hapakuwa na ng'ombe, Sam," nikasema.

Akamtazama mkewe kule, akatikisa kichwa, nikaona kama anataka kucheka. "Nisaidie kuketi," akasema.

Nikapiga goti kwenye matope nikalishika paja lake kwa mikono miwili, lile lililovunjika, ili alikunje taratibu. Lilikuwa linatetemeka. Lilikuwa linatetemeka lote, toka nyongani mpaka kwenye kiatu, na mtoto wetu alikuwa amemtazama usoni kwa karibu saa mbili asijue.